Zamoyoni na Mto wa Serikali

Ilikuwako nchi, nanyi msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana hata ramani iliyotundikwa shuleni haikuwa yenyewe. Yenyewe ilikuwa imefungiwa kabatini kwa waziri isije ikachakaa. Watu wa nchi hiyo walikuwa wanaishi vizuri tu. Sukari ilikuwa na mchanga kidogo, dawa ya mbu iliwanenepesha mbu, na redio mpya ukiifungua nyuma ulikuta betri mbili na jiwe la kuipa uzito. Watu walinung'unika kidogo, wakala, wakalala.

Balaa lilianza siku Mheshimiwa Kibwana Mbwembwe, Waziri wa Ustawi na Muonekano, alipopita sokoni akiwa na kiatu kilichoachama soli kama mamba anayeota jua. Mama muuza nyanya akamwambia mwenzake, "Tazama kiatu cha mkubwa. Bandia kile!" Mheshimiwa akasikia. Hakukikasirikia kiatu, aliikasirikia lugha. Akaugua homa siku tatu, siku ya nne akaunda kamati, kamati ikaenda Ulaya miezi sita. Wajumbe wakarudi na masanduku ya nguo za wake zao, na sanduku moja la maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, mapya, bado yamo kwenye nailoni. Tangu siku hiyo ikawa marufuku kutamka "bandia" au "uongo." Kitu kisicho chenyewe kikawa kinaitwa kwa cheo cha mwenye nacho. Kikiwa cha mtu wa kawaida, ni feki, na atanyang'anywa. Kikiwa cha karani au mwalimu, ni kopi. Cha mfanyabiashara mwenye duka la vioo ni imitesheni. Cha mkuu wa wilaya ni replika. Na kikiwa cha Serikali yenyewe, hicho ni simulesheni, na kikipita watu wasimame. Tena mtu akishika kazi asiyoijua, mathalani daktari ambaye hajasomea udaktari, huyo ni dami, na apewe kiti.

Mambo hayo yaliandikwa katika kitabu cha kurasa mia nne kilichoitwa Mwongozo wa Majina Stahiki ya Vitu Visivyo Vyenyewe. Kila wilaya ikaletewa afisa mmoja wa kukibeba.

*

Kijijini Ng'ambo ya Pili waliletewa Bwana Pazi, mwenyeji wa hapo hapo, aliyeondoka akiwa na kaptula akarudi na tai ya kunasa kwa klipu. Jambo lake la kwanza lilikuwa kwenda kumkagua Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alikuwa mkunga. Alisoma hadi darasa la tatu, mvua zikabomoa shule, naye akarudi nyumbani kufuata kazi ya mama yake. Nusu ya kijiji ilikuwa imepita mikononi mwake ikiwa uchi. Hakuwa mtu wa haraka. Wengine wakipiga kelele, yeye alikuwa akiketi, anakunja mikono ya gauni, anasubiri mambo yafike mahali pake.

"Bibi, cheti cha ukunga kiko wapi?" akauliza Bwana Pazi, kalamu mkononi.

"Sina, mwanangu."

Akafungua Mwongozo. "Basi wewe kisheria ni mkunga feki."

"Haya. Na hawa niliowapokea?"

Bwana Pazi akapekua kurasa. "Hao wamesamehewa."

"Ahsante. Nilikuwa na wasiwasi na wewe hasa," akasema Bi Sikudhani kwa upole. "Maana wewe, Pazi, ulitanguliza makalio. Nilikugeuza tangu adhuhuri hadi magharibi, mama yako ananing'ata bega."

Wanawake waliokuwa wakisuka ukili barazani wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mkeka. Bwana Pazi akanyoosha tai. Akaandika amri: Bi Sikudhani akionekana tena anapokea mtoto wa mtu, jela. Hapo hakuna aliyecheka. Katika nchi ile vitu viwili tu havikuwahi kufanyiwa simulesheni: jela, na chakula cha wageni rasmi.

Bi Sikudhani alikuwa anamtazama mjukuu wake Zamoyoni, aliyesimama mlangoni ameshika kiuno, tumbo la mimba yake ya kwanza limeshuka. Mume wa Zamoyoni alikuwa machimboni. Mama yake Zamoyoni alikwisha kufa. Alifia juu ya mkokoteni, katika uchungu wa kuzaa, njiani kwenda hospitali ya mbali, siku Bi Sikudhani alipokuwa ameitwa kijiji kingine kuzalisha mke wa mtu. Bibi huyu hapendi kuisimulia habari hiyo, nasi tusimlazimishe. Ila mjue kwamba tangu siku hiyo alikuwa amejiapiza jambo moja: huyu Zamoyoni hatazaa mbali na mikono yake.

*

Basi yakaja malori. Yakashusha mbao nyembamba, rangi, na kapeti jekundu. Kwa siku kumi na moja likasimama jengo jeupe, limeandikwa juu: HOSPITALI YA WILAYA. Waziri mwenyewe atakuja kuifungua.

Bi Sikudhani alifurahi kweli. Hospitali, na kutoka mlangoni kwake ni mwendo wa kumaliza kutafuna muwa mmoja! Akaenda kuitazama. Akaweka kiganja mlangoni asukume. Kiganja kikarudi cheupe.

"Mlango gani huu haufunguki?"

"Umechorwa huo, Bibi," akasema fundi mitambo, jina lake Kisinza, aliyekuwa amekaa kwenye kreti mbele ya ubao wa swichi. "Wa kuingilia ni ule wa mbele tu, na ule ni wa Mheshimiwa."

Bi Sikudhani akaliendea bomba, akalifungua. Ikasikika sauti ya maji, shwaaa. Akakinga mkono. Mkono ukabaki mkavu.

"Sauti tu hiyo, Bibi. Iko kwenye kanda." Kisinza akamwonyesha swichi zake kwa fahari. "Hii maji. Hii makofi. Hii wagonjwa wanashukuru. Hii ndege."

"Ndege pia?"

"Wale wa miti ya hapa walikuwa wananyea jukwaa. Wamefukuzwa. Na hii ya mwisho ni vigelegele."

Bi Sikudhani akashtuka. Pale Ng'ambo ya Pili kuna desturi, na desturi hiyo hata mlevi anaiheshimu: mtoto akizaliwa, kigelegele cha kwanza ni cha mkunga. Hakuna mwanamke atakayefungua kinywa kabla yake, hata mtoto alie namna gani, kwa sababu mkunga peke yake ndiye anayejua kama mama naye amevuka salama. Mtoto analia, watu wamenyamaza, wanamsubiri mkunga. Siku ya mkokoteni walisubiri mpaka wakatawanyika.

"Vigelegele kabla mkunga hajatoa?" akauliza.

"Bibi, mimi nabonyeza ninapoambiwa," akajibu Kisinza.

*

Sasa, hospitali inataka wagonjwa. Wagonjwa walikuwapo tele, ila Bwana Pazi aliwapeleka wote nyuma ya kilima kwa kuwa walikuwa wanakohoa bila mpangilio. Badala yao wakatafutwa wagonjwa dami, watu wenye afya, wa kulala vitandani na kutabasamu. Malipo yalikuwa kanga moja na sahani ya pilau.

Dami wa wodi ya wazazi, dada mmoja mpole, akashikwa na malaria siku mbili kabla ya sherehe. Akafukuzwa papo hapo kwa kuumwa kweli. Zamoyoni akajitokeza kuchukua nafasi.

Bwana Pazi akamtazama juu hadi chini. "Dada, hili tumbo halimo kwenye orodha ya vifaa."

"Si ndiyo vizuri? Nimekuja nalo mwenyewe."

"Haiwezekani. Wizara imeleta mto wa tumbo. Nimeupokea kwa sahihi yangu. Usipotumika nitaulizwa."

Wakabishana mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa jengo. Mwisho wakapatana: Zamoyoni atalala na tumbo lake, na juu ya tumbo lake utafungwa mto wa Serikali, ili hesabu ya vifaa isivurugike.

"Mjukuu wangu," Bi Sikudhani akamwambia nyumbani, "mtoto huyo yuko mlangoni. Utafungwaje mto?"

"Bibi, mwezi si una siku nne bado? Wewe mwenyewe umesema. Mimi nataka ile kanga, ya maua ya bluu. Halafu nataka nilale kwenye kitanda chenye shuka siku moja nijue kukoje."

Bi Sikudhani akakunja mikono ya gauni, akafungua, akakunja tena. Hakumkatalia. Akaenda kwa wapishi wa wageni, nyuma kabisa ya hospitali, akaomba kazi ya kuosha masufuria. Kati ya masufuria hayo na kitanda cha Zamoyoni palikuwa na ubao mmoja mwembamba.

*

Siku ya siku Mheshimiwa akafika na magari ishirini na mawili. Kisinza akabonyeza makofi. Mheshimiwa akakanyaga kapeti kwa kiatu kile kile, soli sasa imefungwa kwa mpira mweusi, na waandishi wote wakaandika simulesheni.

Akaingia wodini akiongozwa na Bwana Pazi na daktari dami, aliyekuwa kinyozi wa stendi jina lake Mnubi, amevalishwa koti jeupe na kuapishwa asiseme kitu. Wagonjwa wa kitanda cha kwanza hadi cha tano wakatabasamu vizuri. Walipofika cha sita, Zamoyoni alikuwa hatabasamu. Alikuwa amelala ubavu, ameuma pembe ya ule mto wa Serikali, jasho linamtiririka.

"Uuuwi! Bibi yangu weee!"

Mheshimiwa akasimama. Akavua miwani. "Huyu ni nani?"

"Dami wa wodi ya wazazi, Mheshimiwa," akasema Bwana Pazi.

"Nimezunguka nchi nzima," akasema Mheshimiwa, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeguswa, "nimeona dami wa moyo, nimeona dami wa mguu. Wa kiwango hiki sijamwona. Tazameni jasho! Wizara iliagiza jasho?"

"Hatukuagiza, Mheshimiwa."

"Basi kajitolea. Huo ndio uzalendo."

Zamoyoni akapiga ukelele uliomfanya mgonjwa wa kitanda cha tatu aache kutabasamu. Mheshimiwa akapiga makofi kwa mikono yake mwenyewe. "Arudie! Kamera ya pili haikuwa tayari. Dada, rudia pale pa 'Bibi yangu.'"

"Mwanaume wewe, nitokee hapa!" akafoka Zamoyoni. "Nitokee kabla sijakuchafulia hicho kiatu!"

"Na matusi anayajua! Mwandikieni cheti."

Hapo chupa ikapasuka, maji yakamwagika, yakalowesha kapeti. Mheshimiwa akarudi nyuma hatua mbili.

"Maji? Hospitali hii ina maji? Nani kaidhinisha maji?"

Mnubi kinyozi akasahau kiapo. "Mheshimiwa, mimi nina watoto wanne. Huyu dada anazaa."

"Anasimulesheni kuzaa."

"Hapana, mzee wangu. Anazaa."

*

Kule nyuma Bi Sikudhani alikuwa ameinamia sufuria. Ukelele wa kwanza alishausikia akasita. Kuna kilio cha kooni, mtu anakitoa akitaka, na kuna kilio kinachotoka kiunoni bila kuombwa. Akasuuza mikono hadi kwenye viwiko, mara mbili, taratibu, kama mtu aliye na mwaka mzima mbele yake. Akautafuta mlango. Ulikuwapo, mzuri sana, umechorwa na kitasa chake cha njano.

Basi akauchukua mwiko mkubwa wa pilau, mrefu kama mchi, akaichokonoa hospitali.

Ukuta ulifikiri kidogo. Kisha ukalala chini wote, polepole, na wageni wakauona upande wa pili: moshi, wapishi wameshika vifuniko, na bibi kizee aliyekunja mikono ya gauni, anakanyaga juu ya neno WODI akiingia.

Walinzi wakamnyanyua Mheshimiwa juu juu wakamkimbiza jukwaani. Wageni wakatoka kwa kusukumana. Wakabaki Zamoyoni, Mnubi, na Bwana Pazi aliyekumbatia Mwongozo wake.

"Bibi, simama hapo!" akasema Bwana Pazi. "Wewe ni mkunga feki! Amri iko wazi, ni jela!"

"Najua, mwanangu. Jela ipo, haitahama." Bi Sikudhani alikwisha piga magoti. Akaufungua ule mto kutoka tumboni kwa Zamoyoni, akauweka chini ya kichwa chake. Ilikuwa mara ya kwanza mto ule kufanya kazi ya mto. "Nipo, mama. Nipo hapa. Usisukume bado. Wewe daktari, una nini mfukoni?"

"Nyembe, Bibi. Mpya, ziko kwenye karatasi."

"Lete. Na kitambaa cha meza ya wageni, kile cheupe. Na wewe Pazi, maji ya moto. Sufuria la mwisho."

"Yale ni ya chai ya Mheshimiwa!"

"Pazi," akasema Bi Sikudhani, na hakupandisha sauti hata kidogo, "nilikugeuza tangu adhuhuri hadi magharibi."

Bwana Pazi akatazama huku, akatazama kule. Akaenda. Maji yalikuwa ya vuguvugu, moto umefifia, na kuni zilizobaki zilikuwa zile za maonyesho, zimefinyangwa kwa udongo zikapakwa rangi ya gome. Akachutama mbele ya mafiga. Akausikia ukelele mwingine wa Zamoyoni. Kisha akachana ukurasa wa kwanza wa Mwongozo, wenye picha ya Mheshimiwa, akautia motoni. Ukawaka vizuri. Akachana feki, akachana kopi, imitesheni na replika zikaenda pamoja. Kurasa mia nne, karatasi nene nzuri ya Ulaya, na sufuria likaanza kutokota.

*

Jukwaani, Mheshimiwa alikuwa ameamua kwamba hakuna ukuta ulioanguka.

"Ndugu wananchi!" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Wapo wanaouliza, hospitali hii inatibu nini? Nami nawajibu: inatibu fikra hizo! Zamani mwananchi alikuwa akitembea siku nzima kuikosa huduma. Leo Serikali imemsogezea karibu, ataikosa hapa hapa nyumbani!"

Kisinza akabonyeza makofi. Mheshimiwa akainua mkono kuyatuliza, na ndani ya ule utulivu ikapenya sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtu asiyeheshimu mgeni.

"Ngaa! Ngaa! Ngaa!"

Mheshimiwa akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Hiyo haimo kwenye ratiba. Nani kaiweka? Zima."

Kisinza akazima makofi. Akazima ndege. Akazima maji. Akawazima wagonjwa wanaoshukuru. Ilikuwa bado inalia.

"Zima jenereta!"

Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Kipaza sauti kikafa. Mheshimiwa akaendelea kufungua na kufunga kinywa pale juu, hasikiki hata kwa walioketi safu ya mbele, na uwanja mzima ukasikia sauti ile moja inazidi kupanda.

Kisinza akaja amekunja kofia mkononi. "Mheshimiwa, nimezima kila kitu. Hiyo haina swichi."

Lakini wanawake wa Ng'ambo ya Pili hawakuwa wanamtazama Mheshimiwa. Walikuwa wamesimama, wameshika vifua, wametega masikio. Hata wagonjwa wa nyuma ya kilima waliacha kukohoa. Mtoto analia, sawa. Na mama? Kigelegele hakikutoka. Mmoja wa wale wasuka ukili akakaa chini. Dakika moja. Nyingine. Wapishi walisimama na vifuniko vyao kama ngao. Mtoto akanyamaza kidogo, akaanza upya.

Kule ndani Bi Sikudhani alikuwa hana haraka. Kondo lilikuwa halijatoka, na damu ilikuwa nyingi kuliko alivyopenda. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo la Zamoyoni, anakanda polepole, anasubiri, anaongea naye habari za kanga ya maua ya bluu. "Utaifungaje? Kiunoni au utajitanda?"

"Nitajitanda, Bibi," akasema Zamoyoni, kwa sauti ya mbali.

"Jitande, mama. Ongea nami. Na huyu utamfunika na nini?"

"Hii hii. Tutashirikiana."

Kondo likatoka, zima. Damu ikapungua, ikakata. Bi Sikudhani akahakikisha, akahakikisha tena. Kisha akaketi juu ya visigino vyake, akainua uso, na kooni mwake mle mwa miaka sabini na kitu kikatoka kigelegele kimoja, chembamba, kilichokwaruza kikakatika katikati, akavuta pumzi akakimalizia.

Ndipo uwanja ukapasuka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wale ndege waliofukuzwa wakarudi kuona kuna nini, wakatua juu ya jukwaa, wakafanya walichokuwa wakifanya zamani. Mheshimiwa akaondoka na magari yake ishirini na mawili huku akijipangusa bega.

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba simulesheni ya uzazi ilifana sana, na kwamba dami aliyeigiza mtoto mchanga alikuwa hodari kuliko wote.

Bwana Pazi alikwenda kwa Bi Sikudhani na daftari la vizazi. Tai hakuivaa. Alimkuta barazani amempakata kitukuu chake, Zamoyoni kando anakula pilau yake ya pili, amejitanda maua ya bluu.

"Nimefunga kibwebwe tayari," akasema Bi Sikudhani. "Twende jela?"

"Nimetafuta kosa lako, Bibi. Kitabu chenye jina lake kimeisha."

"Kimeisha?"

"Tulikichemshia yale maji ya chai."

Akafungua daftari. Safu ya aina ilikuwa na vyumba sita vilivyochapishwa, feki hadi dami, na wakubwa wamesisitiza safu hiyo isiachwe wazi. Akamtazama mtoto. Mtoto akakunja uso, akampigia kelele. Bwana Pazi akachora chumba cha saba kwa mkono, mstari ukapinda, akaandika ndani yake: *Msichana. Analia.*

Basi hadithi imefika hapo, nayo inapumzika. Na kama yupo miongoni mwenu anayeona haya yote hayakutokea, asiropoke kwamba ni uongo. Aulize kwanza hadithi ni ya nani, na cheo chake ni kipi, ndipo atajua aiiteje.